Kaure ya Hekaluni Yenye Tarehe Shingoni

Kwenye madhabahu ya hekalu la Kichina, chetezo huwekwa katikati na chombo cha maua kila upande. Vikiongezwa vinara viwili vya mishumaa, seti hutimia vitu vitano. Vya zamani vingi vilikuwa vya shaba. Karne ya 14, mafundi wa Jingdezhen, mkoani Jiangxi, walipoimudu kaure nyeupe yenye nakshi za buluu, wenye uwezo wakaanza kuagiza seti za kaure.

Udongo mweupe wa kaolini ulichanganywa na unga wa jiwe, ukafinyangwa, ukaachwa ukauke. Mchoraji alipaka rangi ya kobalti, wakati huo ikitoka Iran, juu ya udongo mbichi unaoinyonya papo hapo. Mkono ukiteleza, hakuna kufuta. Chombo kilipakwa maji ya kung'arisha, kikachomwa kwa joto la takribani nyuzi 1300.

Mashuhuri kuliko vyote ni vyombo viwili vya maua vyenye kimo cha sentimita 63 hivi. Mishikio yake ni vichwa vya tembo, mtindo ulioigwa kutoka vyombo vya shaba, na joka limejizungusha tumboni. Lakini thamani yake kubwa imo katika maandishi ya shingoni. Zhang Wenjin, mtu wa wilaya ya Yushan, anatoa chetezo kimoja na vyombo viwili vya maua kwa Hu Jingyi, jenerali aliyefanywa mungu, akiiombea familia yake ulinzi na watoto wake amani. Tarehe ni mwezi wa nne, mwaka 1351. Amani ilihitajika kweli: mwaka huohuo uasi wa Vilemba Vyekundu uliutikisa utawala wa Wamongolia nchini China.

Chetezo hakijapatikana. Vyombo viwili vilitengana, hadi Percival David, mkusanyaji wa Kiingereza, alipovinunua kwa wamiliki tofauti. Sasa viko British Museum, London.

Kabla ya vyombo hivi kuchunguzwa, wataalamu wengi waliamini kaure bora ya buluu ilianza na watawala wa Ming, baada ya 1368. Miaka ya 1950, Mmarekani John Alexander Pope alilinganisha nakshi za vyombo hivi na kaure zilizokuwa zimehifadhiwa Istanbul na Ardabil, Iran, akatambua kundi zima la karne ya 14. Mpangilio wa nyakati za kaure za Kichina ndio huwasaidia pia waakiolojia kukadiria umri wa magofu ya Gedi na Kilwa, ambako vigae vya kaure hizo huchimbuliwa.