Vitunguu vya Baray na Hesabu za Nguvukazi

Kitunguu kinachokaangwa leo katika jiko la Unguja au Pemba mara nyingi kimevuka bahari kutoka bara, na huenda kimetoka Baray. Hiyo ni kata ya wilaya ya Karatu, mkoani Arusha, katika bonde la Ziwa Eyasi. Maji ya ziwa lenyewe ni ya chumvi wala hayafai shamba. Kinachowapa wakulima riziki ni maji matamu ya chemchemi, yanayogawanywa kwa mifereji, zamu kwa zamu. Tunaitaja kata hii ya mbali kwa sababu ndiko unakoonekana waziwazi upungufu wa hesabu ambazo maofisa wetu, wa bara na wa visiwani, huzitegemea kukadiria kazi za miaka ijayo na ufundi utakaohitajiwa.

Kukadiria nguvukazi si jambo geni kwetu. Mwaka 1962 Mmarekani George Tobias, kwa msaada wa Shirika la Ford, alihesabu mahitaji ya wataalamu wa Tanganyika, na taarifa yake ikatolewa mwaka 1963. Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano, ulioanza mwaka 1964, ukaweka shabaha ya nchi kujitosheleza kwa wataalamu ifikapo 1980. Misaada ya masomo ya chuo kikuu ikaelekezwa kwa kufuata hesabu hizo. Hatuubezi mpango ule hata kidogo, maana wahandisi na madaktari wazalendo walikuwa wachache mno. Lakini hesabu ile ilikuwa ya watu wa ofisini, hospitalini na viwandani. Mwenye jembe hakuwamo.

Leo mwenye jembe yumo, ila amekaa vibaya. Utafiti wa nguvukazi wa mwaka 2020/21 ulihusu Bara na Zanzibar pia, na ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya Watanzania wenye kazi wamo katika kilimo. Tafiti za namna hii humwuliza mtu alifanya kazi gani katika wiki iliyopita. Sasa tumtazame kibarua wa Baray. Wiki hii anahamisha miche kutoka kitaluni, baadaye anapalilia, kisha anang'oa na kujaza magunia, na msimu ukiisha anarudi kwao. Je, huyu ni mkulima, mpakizi, au hana kazi? Na Mhadzabe wa bonde hilohilo, anayewinda na kurina asali, aandikwe wapi? Tena takwimu za mkoa wa Arusha huchanganya katika kapu moja jiji, mifugo ya Longido, hoteli za Karatu na vitunguu vya Baray. Wastani wa vitu hivyo hauelezi hata kimoja.

Hoteli hizo zina somo lake. Karatu ni njia ya kwenda Ngorongoro, na huishi kwa wageni kama zinavyoishi Nungwi na Paje. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipowazuia wageni, wapishi na madereva wa kote huko walikaa bure. Hakuna jedwali la makadirio lililokuwa limeuona mwaka ule ukija.

Jambo hili lina haraka. Mwaka 2016 ada ilifutwa hadi kidato cha nne, na mwaka 2024 mkondo wa amali ulianza katika baadhi ya shule za sekondari. Serikali imeazimia pia kuwa na chuo cha ufundi stadi katika kila wilaya. Ni ufundi gani utakaofundishwa humo? Ikiwa hesabu za Karatu zitaonyesha hoteli peke yake, watoto wa Baray watafundishwa kutandika meza, hali kwao pampu ikiharibika hutafutwa fundi wa mbali. Kata hiyo inataka mafundi wa pampu, wapimaji wa mifereji, wajuzi wa kukausha na kuhifadhi vitunguu mpaka bei ipande. Inataka pia vijana wanaojua mizani na hesabu, watakaoweza kumkatalia dalali lumbesa, yaani gunia linaloshindiliwa kupita kipimo halali na kulipwa kama gunia moja.

Kwa hiyo tunaiomba halmashauri ya wilaya iviagize vijiji viweke daftari kila msimu: vibarua wangapi walikuja, walikaa miezi mingapi, walilipwa nini, pampu ngapi ziliharibika na nani alizitengeneza. Gharama yake ni kalamu na uaminifu wa mtendaji wa kijiji. Ndugu zetu wa visiwani nao wafanye vivyo hivyo kwa wakulima wa mwani, ambao wengi wao ni wanawake, na ambao kazi yao huamuliwa na bamvua si saa ya ofisi. Daftari hizo zifike mezani kwa wapangaji kabla orodha ya mafunzo ya vyuo vipya haijafungwa, kwani karakana ikishajengwa na mashine zikishanunuliwa, kuzibadili ni kazi ya miaka.