Nyumba juu, shamba bondeni

Mvua ikinyesha Muscat, wadi hushuka kutoka milimani na barabara za huku Qurum hufungwa. Wenyeji bado wanasimulia kimbunga Gonu cha Juni 2007. Mimi muuguzi niliyezaliwa Rufiji, nikisikia habari hizo humkumbuka bibi yangu.

Rufiji, mkoa wa Pwani, ni wilaya ya bonde. Mto hukusanya maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, kisha humwagika kwenye uwanda mpana hadi kwenye mikoko ya delta. Zamani majahazi yalileta boriti za mikoko hiyo Ghuba, zikabeba dari za nyumba za huku.

Wengi huniuliza: kwa nini watu hawahami? Walihamishwa. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwapeleka kwenye vijiji vya miinukoni. Lakini mashamba yalibaki bondeni, maana mafuriko ndiyo mbolea yetu. Mpunga hupandwa mvua zinapoanza, ukakua pamoja na maji. Maji yakishuka, watu hupanda mahindi na kunde kwenye tope jipya. Kilimo hicho tunakiita mlau. Familia hukaa kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ikiwinga ndege na kufukuza nguruwe.

Mwaka 2024 maji yalizidi. Bwawa la Julius Nyerere lilijaa, yakafunguliwa, na mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti zikazama. Bibi alitolewa kwa mtumbwi. Dawa zake za presha na kadi ya kliniki vilibaki ndani. Siku nne hakumeza kidonge. Nami nilikuwa zamu ya usiku, nikipima presha za watu, yake siijui.

Nilituma pesa ajenge juu, asikanyage tena bondeni. Akanijibu kwenye simu: "Mjukuu wangu, nyumba nitajenga juu. Shamba je, nalo litapanda mlima?"

Nilikuwa nimekosea. Tukakubaliana: nyumba juu, shamba bondeni, na maji yakianza kupanda asilale dunguni. Pesa iliyobaki ilinunua mbegu za mlau.

Ndugu msomaji, kama una mzee Rufiji, Kilombero au Tana, mpigie leo. Dawa na kadi yake vikae kwenye ndoo yenye mfuniko, karibu na mlango. Usisubiri masika.