Betri, Kadi na Tetesi: Namna Kicheza Muziki Kipya Kinavyotabirika

Kazi ya kutabiri kifaa kipya cha kusikilizia muziki kabla kampuni haijakitangaza inakaribiana zaidi na ya mchimbaji wa dhahabu wa Masara, katika Kaunti ya Migori, kuliko na ya mpiga ramli. Mchimbaji huyo hajaiona dhahabu wakati anapoamua mahali pa kuchimba. Ameona mshipa wa jiwe jeupe la kwazi unaopita kwenye mwamba, ameponda kipande chake na kukisafisha kwa maji ndani ya karai, na kwa chembe chache zilizosalia chini amekadiria kilichoko kwenye kina. Anayetabiri kifaa naye hakioni, kwa sababu kampuni hukificha hadi siku ya uzinduzi, lakini sehemu zake hazifichiki kirahisi hivyo, maana diski hutengenezwa na kampuni moja, betri na nyingine, chipu na nyingine tena, na kila moja ina wanahisa wa kuwaarifu, mitambo ya kupanua na wafanyakazi wenye midomo.

Kifaa chochote cha muziki kinachobebwa hubanwa na mambo manne, ambayo ni mahali pa kuhifadhi nyimbo, chanzo cha umeme, bei, na njia ya nyimbo zenyewe kumfikia msikilizaji. Santuri ya inchi 7, iliyozunguka mara 45 kwa dakika, ilibanwa na la kwanza: upande mmoja ulichukua dakika tatu au nne tu, ndiyo maana nyimbo nyingi za benga, muziki wa magitaa wa Waluo, zilizorekodiwa katika miaka ya 1960 na 1970, enzi ya wanamuziki kama D. O. Misiani aliyezaliwa Shirati, Tanzania, ng'ambo ya mpaka kutoka Migori, zilikatwa kuwa sehemu ya kwanza na ya pili, msikilizaji akilazimika kuinuka na kuigeuza santuri wakati magitaa ndiyo kwanza yamekolea. Mipaka ya kifaa ilikuwa imeingia ndani ya utunzi.

Umeme nao ulikuwa na historia yake. Transista, yaani kipande kidogo cha maada ambacho hutumia mkondo hafifu wa umeme kuongoza mkondo mkubwa, iligunduliwa mwaka 1947 katika maabara za Bell nchini Marekani, na mwaka 1954 ikaingia madukani ndani ya redio ya mfukoni iliyoitwa Regency TR-1. Kwa kuwa transista haihitaji kupashwa moto kama balbu za redio za kale, redio iliweza kuendeshwa kwa betri kavu chache na ndogo, zile ambazo watu wengi wa Kenya huziita mawe. Katika vijiji vya Nyanza Kusini ambako nguzo za umeme zilichelewa kufika, muziki ulihesabiwa kwa mawe, na mawe yakidhoofika yalianikwa juani. Desturi hiyo ina sababu ya kikemia, ingawa mara nyingi huelezwa vibaya: jua haliijazi betri upya, bali joto huharakisha mwendo wa chembe zenye chaji ndani yake na kupunguza ukinzani, hivyo umeme kidogo uliobaki hutoka kwa urahisi zaidi kwa muda. Aliyesikiliza kanda anaijua dalili ya mwisho wa mawe, kwa sababu mota hupunguza mwendo, utepe ukapita mbele ya kichwa cha kusomea polepole kuliko ulivyorekodiwa, na sauti ya mwimbaji ikashuka hadi ikawa ya mtu anayesinzia.

Kanda hiyo ya kaseti ililetwa na Philips mwaka 1963, na tarehe 1 Julai 1979 Sony ilianza kuuza Walkman nchini Japani. Kwa mtabiri, Walkman ni funzo la kwanza, kwani ndani yake hamkuwa na sehemu hata moja ambayo haikuwa imekwisha kuwepo. Wahandisi walichukua kinasa sauti kidogo kilichotumiwa na waandishi wa habari, wakaondoa uwezo wa kurekodi na spika, wakaweka matundu mawili ya vipokea sauti vya masikioni, na betri mbili ndogo zikatosha. Aliyezijua sehemu angeweza kusema kwamba kifaa cha namna hiyo kinawezekana. Kilichohitaji ujasiri ni kusema kwamba watu watakubali kununua kinasa kisichonasa.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya hesabu. Sauti ya santuri ya CD hupimwa mara 44,100 kila sekunde, kila kipimo kikaandikwa kwa biti 16, na kwa kuwa kuna mikondo miwili, wa kushoto na wa kulia, sekunde moja ya muziki hudai biti 1,411,200. Mfumo wa MP3, uliotokana na kazi ya watafiti kadhaa wa Ulaya akiwemo Karlheinz Brandenburg wa taasisi ya Fraunhofer nchini Ujerumani, huweza kupunguza mzigo huo hadi biti 128,000, karibu sehemu moja ya kumi na moja, kwa kutumia udhaifu wa sikio la binadamu: ngoma nzito ikipigwa, sauti hafifu iliyo karibu nayo kwa kimo, au inayoifuata papo hapo, haisikiki, kwa hiyo programu huiandika kwa biti chache sana au huiacha kabisa. Gitaa la benga, lenye noti kavu zinazofuatana mbio, ni mtihani mgumu kwa mbinu hii, kwa kuwa kelele za upunguzaji husambaa kidogo kabla ya kila pigo, na katika faili zilizobanwa mno pigo hutanguliwa na kitu kama mchakacho wa mchanga.

Kwa kipimo hicho wimbo wa dakika 4 unakaribia megabaiti 4, na kuanzia hapo utabiri ukawa kazi ya kugawanya. Vicheza MP3 vya kwanza, kama MPMan wa Korea Kusini na Rio PMP300 wa Marekani vya mwaka 1998, vilikuja na megabaiti 32, yaani nyimbo nane hivi, idadi ambayo kaseti yoyote ya kawaida iliipita. Toshiba ilipotengeneza diski yenye upana wa inchi 1.8 na ujazo wa gigabaiti 5, haikuwa na hakika ingetumika wapi; Jon Rubinstein wa Apple alionyeshwa diski hiyo Japani mapema mwaka 2001, na tarehe 23 Oktoba mwaka huohuo iPod ya kwanza ikatangazwa, ikiwa na nafasi ya nyimbo elfu moja. Gawanya gigabaiti 5 kwa megabaiti 4, na ahadi ya jukwaani inatoka yenyewe, tena kwa ziada.

Kati ya 2004 na 2006 kubashiri iPod ijayo kulikuwa karibu mchezo wa kimataifa, na rekodi ya miaka hiyo inaonyesha ni dalili zipi zilistahili kuaminiwa. Juni 2004 zilisikika habari kutoka Toshiba kwamba diski yake mpya ya gigabaiti 60 ilikuwa ikielekea kwenye iPod, na Oktoba mwaka huo iPod Photo ikatoka na ujazo huohuo. Aprili 2006 kampuni ya chipu ya PortalPlayer iliwaarifu wanahisa wake kwamba chipu yake mpya haikuchaguliwa kwa iPod zijazo za kumbukumbu ya flashi, hisa zake zikaporomoka, na yeyote aliyesoma taarifa hiyo akajua kwamba iPod nano ijayo ingekuwa na moyo mwingine, jambo lililothibitika Septemba. Tetesi za rangi, umbo na jina, ambazo ndizo zilizowavutia wengi, hazikuwa na uzito wa kulinganishwa na sentensi moja kavu ya mhasibu.

Mfano ulio bora kuliko yote ni wa tarehe 7 Septemba 2005. Ulimwengu wa tetesi ulikuwa ukiingojea simu ya Motorola yenye muziki wa Apple, nayo kweli ikaja siku hiyo, ROKR E1, ikiwa imefungwa isichukue zaidi ya nyimbo 100. Kilichowashangaza watu ni iPod nano iliyotolewa kwenye jukwaa lilelile, iliyochukua nafasi ya iPod mini ingali inauzwa kwa wingi. Badala ya diski inayozunguka ilitumia kumbukumbu ya flashi, uvumbuzi wa Fujio Masuoka wa Toshiba katika miaka ya 1980, ambayo huhifadhi taarifa kama chaji za umeme zilizonaswa ndani ya vijichumba vya silikoni. Hakuna kinachozunguka, hivyo haiogopi kutikiswa, na betri hudumu. Bei ya flashi ilikuwa ikishuka mwaka hadi mwaka, na aliyeichora bei hiyo kwenye karatasi angeona mstari wake ukiukaribia ule wa diski ndogo. Miezi miwili baadaye Apple ilitangaza kulipa dola bilioni 1.25 mapema kwa watengenezaji wa flashi ili ihakikishiwe ugavi hadi mwaka 2010, na baada ya hapo hapakuwa na siri kubwa iliyobaki kuhusu mwelekeo wa vicheza muziki.

Hata hivyo watabiri wote hao walikuwa wakiuliza swali la upande mmoja wa dunia. iPod ya kwanza iliuzwa dola 399, zaidi ya shilingi 30,000 za Kenya kwa viwango vya wakati huo, ilihitaji kompyuta ya Macintosh ili ipakiwe nyimbo, na betri yake haikukusudiwa kubadilishwa na mwenye kifaa. Kwa mkazi wa Masara au wa fukwe za wavuvi za Homa Bay, kifaa hicho kilikuwa kimejibu jambo la kwanza kati ya yale manne, la hifadhi, kwa ustadi mkubwa, na kuyaacha matatu yaliyosalia kama yalivyokuwa. Aliyetaka kutabiri muziki wa Masara alipaswa kutazama kwingine, na kwa maoni ya makala hii alipaswa kuanza na betri.

Betri hiyo inaitwa BL-5C. Ni ya lithiamu, volti 3.7, bapa, inayoenea katika kiganja cha mtoto, na Nokia iliitumia katika simu zake nyingi za bei nafuu, ikiwemo Nokia 1100 ya mwaka 2003 yenye tochi, ndugu wa simu ambazo Wakenya walizibatiza mulika mwizi. Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwenye simu mwaka 2009, hadi iliporudishwa mwaka 2013, simu za namna hiyo zilimiminika, na pamoja nazo betri, chaja na mafundi wenye kuzijua. Upande wa hifadhi, kadi ndogo ya microSD, iliyoingia sokoni mwaka 2005, ina ukubwa wa milimita 15 kwa 11 na unene wa milimita 1. Kadi ya gigabaiti 8 hubeba nyimbo zipatazo 2,000, na miguu yake minane imepakwa dhahabu, kwa sababu dhahabu haishiki kutu na hupitisha umeme vizuri hata baada ya kuchomekwa na kuchomolewa mara nyingi. Utando huo haufiki hata unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita, lakini ni madini yaleyale yanayowashusha watu shimoni Masara.

Weka vitu hivyo pamoja na chipu ya bei ndogo ya kusoma MP3 na kunasa FM, ongeza spika, na kinachotoka ni ile redio ya memori kadi iliyoenea kote Afrika Mashariki: ganda la plastiki lenye ukubwa wa nusu mkate au chini yake, antena ya kuvuta, tundu la kadi, tundu la flashi, na mgongoni kifuniko kinachofunguliwa kwa ukucha, ndani yake BL-5C. Simu ikifa, betri yake huhamia kwenye redio. Betri ya redio ikivimba, nyingine hupatikana kibandani. Jambo la nne, la nyimbo kumfikia msikilizaji, lilijibiwa na vijana wenye kompyuta moja wanaomwekea mteja nyimbo kwenye kadi kwa shilingi chache, biashara ambayo wanamuziki wana haki ya kuilalamikia kwa kuwa haiwaachii kitu. Hapakuwa na siku ya uzinduzi, wala mkurugenzi aliyepanda jukwaani, wala tetesi, na kwa hiyo wataalamu wa tetesi hawakuwa na cha kutabiri. Upande wa pili, Apple iliacha kutengeneza iPod ya mwisho Mei 2022.

Njia hiyohiyo ya kusoma sehemu inaweza kutumiwa kwa kifaa kitakachofuata. Umoja wa Ulaya umelazimisha tundu la kuchajia la USB-C kwenye vifaa vingi, spika za kubebwa zikiwemo, tangu mwisho wa mwaka 2024, na kwa kuwa kiwanda hakipendi kutengeneza maganda ya aina mbili, tundu hilo litafika hata kwenye redio za bei ya chini. Kanuni nyingine ya umoja huo itataka, kuanzia Februari 2027, betri za vifaa vya mkononi ziweze kutolewa na mtumiaji, jambo linalowapa wenye maganda ya kufunguliwa kwa ukucha sababu ya kuyabakiza. FM itabaki, kwa kuwa kuiondoa kwenye chipu hakumpunguzii mtu gharama ya maana, na wasikilizaji wa vituo vya Kiluo kama Ramogi FM hawalipi chochote kusikiliza. Tundu la kadi ndilo la kuchunguzwa kwa makini: litaondoka siku ambayo kusikiliza wimbo kwa bando kutakuwa nafuu kuliko kuwekewa, na anayetaka kujua siku hiyo atazame bei ya megabaiti moja. Rangi ya ganda haitabiriki kwa njia hii, wala jina litakalochapwa mbele yake, ingawa jina hilo halitamshughulisha sana mnunuzi wa Masara, ambaye vifaa hivi vyote, vyenye kadi na visivyo na kadi, ameendelea kuviita redio.