Batri ya torshi: tuijaribu kama mbegu mbele ya kuiamini

Ndugu walimaji, baba na mama wa koperative za Butembo na Beni, mara hii hatuongei juu ya ugonjwa wa kahawa wala bei ya kakao. Tunaongea juu ya kitu kidogo kinacholala ndani ya torshi, ambacho mara ingine kinaharibu kazi ya siku nzima: batri.

Msimu uliopita tulikuwa kwenye mikrostasyo moja ya kahawa, juu kwenye milima ya Lubero. Serizi zilifika jioni, nyingi kuliko tulivyongoja, juu ya matope ya barabara. Nyote mnajua: kahawa iliyovunwa leo inapaswa kumenywa leo. Ikilala ndani ya magunia mpaka asubuhi, inapata joto, inaanza kuchacha, na harufu ile haitoki tena hata uioshe namna gani. Basi tukawasha torshi tatu mpya, za nguvu, zilizoandikwa kwenye katoni kwamba zinawaka usiku mzima. Mwanzoni tuliona kama mchana. Kisha masaa mawili, zote tatu zilikuwa zimekufa. Mzee aliyekuwa anazungusha mashine akauliza: "Sasa tumenye kwa masikio?" Tulicheka, lakini haikuwa ya kucheka. Tuliendelea kwa mwangaza wa simu mpaka simu nazo zikaisha. Serizi zilizobaki zililala. Kahawa yake ilitengwa na kuuzwa kama kahawa ya kawaida, na makuta yaliyopotea yalipita bei ya zile torshi tatu.

Torshi hazikuwa mbovu. Batri ndizo zilitudanganya. Toka siku ile tumejifunza mambo machache, na tunataka koperative zingine zisilipe bei ileile kusudi ziyajue.

Maandishi ya juu si kipimo

Torshi nyingi za nguvu zinazouzwa leo kwenye magazini za Butembo na Beni ziko na batri ya duara inayoitwa 18650. Namba hiyo inaonyesha ukubwa: upana milimita 18, urefu milimita 65. Ni batri ya litiumu. Nguvu yake ya kawaida ni volti 3.6 ao 3.7, na ikijaa inafika volti 4.2. Ndani ya nyingi kuna kobalti, mali inayochimbwa hapa kwetu Congo, kule Lualaba na Haut-Katanga, kuliko nchi ingine yoyote duniani. Inatoka nchini kama udongo, na kisha safari ndefu inarudi kupitia Mombasa, Uganda na Kasindi ikiwa batri. Kahawa yetu inapita barabara ileile ikienda.

Kwenye ganda la batri kuna namba inayofuatwa na herufi mAh. Namba hiyo ni kama ukubwa wa bidoni: inaonyesha umeme kiasi gani unaweza kuingia. Batri ya kweli ya 18650 iko kati ya 2,000 na 3,500 mAh. Chache sana zinapita kidogo hapo. Kwa hiyo ukiona imeandikwa 6,800, ao 9,900, ao 12,000, hapana haja ya kuuliza mengi. Hakuna mtu anayeweza kutia lita 10 ndani ya bidoni ya lita 3.

Njia ya pili ni mizani. Batri nzima ya 18650 inapima kama gramu 45 mpaka 50. Nyingi za uongo ni nyepesi zaidi, sababu ndani kuna kitu kidogo tu kilichofunikwa na ganda kubwa. Mizani ndogo ya wanunuzi wa vanila ao wa dhahabu inatosha. Mbele ya kulipa, omba muuzaji muipime pamoja. Muuzaji wa kweli hatakasirika.

Tuwe pia na macho kwa batri za zamani zilizotolewa ndani ya kompyuta za kubeba, kisha zikavalishwa ganda jipya. Zinawaka siku za kwanza, lakini umri wake hakuna anayeujua. Ganda lililokunjamana, alama za kulehemu kwenye ncha, ao kutu: acha mezani.

Fanya kama unavyojaribu mbegu

Mbegu ya maharagi ikifika kwenye koperative, hatuiamini juu ya gunia lake zuri. Tunahesabu 100, tunazitia kwenye kitambaa chenye maji, na kisha siku chache tunahesabu zilizoota. Batri nayo iko namna hiyo. Usinunue 50 kwa mara moja. Nunua mbili, zijaribu, kisha urudi.

Jaribio ni rahisi. Jaza batri mpaka mwisho. Washa torshi kwenye mwangaza wa katikati, iweke juu ya sima ao bati, mbali na magunia, na mtu abaki karibu. Andika saa ya kuanza. Andika saa ya kuzimika. Rudia mara mbili.

Hesabu ya kulinganisha ni hii. Chukua mAh, gawanya kwa 1,000, kisha zidisha kwa volti. Batri ya 2,500 mAh: 2.5 mara 3.7 inatoa karibu 9. Hiyo 9 ndiyo wati anazoweza kutoa kwa muda wa saa moja. Torshi ya wati 10 itaimaliza mbele ya saa moja kuisha. Ukishusha mwangaza mpaka wati 2, itakupeleka masaa manne na kidogo. Basi torshi ya batri moja inayojigamba kuwaka wati nyingi mpaka asubuhi inasema uongo, hata kama batri yake ni nzuri. Na kwa kumenya kahawa, ao kugeuza kakao ndani ya masanduku ya kuchachishia, wati 2 za torshi ya kichwa zinatosha, na mikono inabaki huru.

Batri mbili ni kama watu wawili kwenye chukudu

Kuna torshi zinazotaka batri mbili, tatu ao nne zikifuatana. Hapo ndipo hatari inaingia. Wazia watu wawili wanaosukuma chukudu iliyojaa viazi kwenye mlima. Mmoja yuko na nguvu, mwingine amechoka. Yule wa nguvu anaendelea kusukuma, na yule aliyechoka anabanwa katikati. Batri dhaifu ikiisha mbele ya mwenzake, ile yenye nguvu inaendelea kuilazimisha mpaka umeme unapita ndani yake kinyume. Inapata joto, inatoa gesi. Na torshi ya nguvu ni bomba la chuma lililofungwa na mpira kusudi maji yasiingie. Basi gesi nayo haipati njia ya kutoka. Kifuniko kinaweza kuruka kama risasi.

Kwa hiyo: batri zinazokaa pamoja zinunuliwe pamoja, ziwe za aina moja, zichajiwe pamoja, zichoke pamoja. Usichanganye mpya na ya zamani, wala iliyojaa na iliyotumika. Kwa koperative, shauri letu ni kuchagua torshi ya batri moja. Ukipata batri yenye kinga, yaani sahani ndogo ya elektroniki inayokata umeme mambo yakienda vibaya, ichukue hata kama bei iko juu kidogo. Lakini inazidi milimita chache kwa urefu. Ijaribu ndani ya torshi yako mbele ya kulipa.

Kuna pia batri za litiumu za volti 3 zisizochajiwa, fupi na nene, zinazoitwa CR123A. Hizo zikiisha, zimeisha. Kuzitia kwenye chajeri ni kuitafuta hatari.

Chajeri, sola, na mahali pa kulala

Chajeri ya bei rahisi inaua batri nzuri. Peleka batri iliyojaa kwa fundi wa umeme, aipime. Ikionyesha kati ya volti 4.1 na 4.2, chajeri iko sawa. Ikipita 4.25, itupe chajeri hiyo. Batri iliyoshuka chini ya volti 2.5 na kukaa hivyo muda mrefu, usijaribu kuifufua.

Pale Mutwanga na sehemu zingine ambako umeme wa maji umefika, kuchaji si shida. Kwingine wengi tunatumia sola. Paneli inayoitwa ya volti 12 inaweza kutoa volti 18 na zaidi jua likiwa kali. Usifunge nyaya zake moja kwa moja kwenye batri ya torshi. Pitisha kwenye kifaa cha kupunguza, kisha kwenye chajeri yake.

Na tunaomba jambo hili lishikwe na kila magazinye: hapana kuchaji ndani ya depo. Magunia ya juti, kahawa ya parshi iliyokauka, petroli ya pikipiki, vyote hivyo vinangoja cheche moja tu. Chaji juu ya sima ao bati, mbali na kitanda, mtu akiwa macho. Batri usiitie mfukoni pamoja na funguo ao sarafu. Chuma kikigusa ncha zake zote mbili, nguo itawaka ukiwa umeivaa.

Batri ikianza kuvimba, kupuliza ao kutoa moshi, usiishike. Toa watu nje kwanza, moshi wake uko na sumu. Kama njia iko salama, mwagia maji mengi ukiwa mbali. Mtu akiungua, weka sehemu iliyoungua chini ya maji safi ya baridi dakika 20, kisha kituo cha afya. Hapana dawa ya meno, hapana mafuta.

Torshi za plastiki na pile za kawaida

Zile torshi kubwa za plastiki zinazochomekwa ukutani mara nyingi ziko na batri ndogo ya risasi na asidi. Tabia yake ni kinyume cha litiumu. Ya risasi inataka kujazwa kila mara baada ya kazi. Ukiiacha tupu wiki kadhaa, inakufa. Ya litiumu, ukiiweka mpaka msimu ujao, iache nusu, mahali pa kivuli. Na pile za kawaida za volti 1.5, zitoe ndani ya torshi kama hutumii. Zikitoa maji yake, zinakula chuma cha torshi.

Batri zilizokufa zisitupwe shambani wala kwenye shimo la mboleo. Sisi wa kilimo tunajua: risasi ikiingia kwenye udongo haitoki. Ziba ncha kwa skochi, uzitie ndani ya bidoni yenye mchanga mkavu na mfuniko usiobanwa, mbali na watoto, mpaka koperative ipate pa kuzipeleka. Usiziruhusu zivunjwe juu ya ule unga mweusi.

Kazi ya komite

Mtu mmoja mmoja anaponunua, anadanganywa mmoja mmoja. Komite inaweza kukomanda kwa pamoja, na kuahidi mbele ya muuzaji kwamba italipa iliyobaki baada ya jaribio. Kila batri ipewe namba kwa kalamu isiyofutika, na tarehe ya kununuliwa. Kisha kila miezi mitatu magazinye aandike ilidumu muda gani. Ikishuka mpaka nusu ya muda wa siku ya kwanza, itolewe kazini.

Hatuandiki haya kusudi watu watembee usiku. Kwa hali ya usalama tuliyo nayo, sana sana upande wa Beni, torshi ni ya nyumbani, ya mikrostasyo na ya depo, na kila mmoja afuate shauri la viongozi wa kwao. Lakini kazi ya kahawa na kakao haingoji jua siku zote. Mbele ya mavuno kufunguka, kila koperative itoe torshi zake kabatini, izipime, na iandike. Wakati tutakapopita kwenu, tutaomba kuona daftari la batri pembeni ya daftari la mbegu.