Kingereza cha mdomo: kwa nini saa ya teatre isiondolewe



Juzi mdogo wangu wa klasi ya sita aliniambia kwamba ile saa moja ya teatre ya Kingereza imetoka kwenye ratiba ya shule yao. Nikauliza sababu. Akajibu: «Prefe anasema teatre hawaiulizake ku Exetat.» Nikanyamaza kidogo, maana prefe hasemi uongo. Kwenye mtihani wa Serikali, tangu ulipoanza mwaka 1967, mtoto anapimwa kwa karatasi. Kifaransa kina mtihani wa kusema. Kingereza unachagua jibu, unatia alama, umemaliza. Wazazi wanalipa ili mtoto apate diploma, na prefe njo mwenye kujibu matokeo yakiwa mabaya.

Lakini mimi nilipita katika saa ile, hapa Bukavu, na ninataka kueleza inafanya kazi gani.

Mbele ya kufika klasi ya tano, nilikuwa nimesoma Kingereza miaka mingi. Nilijua kugeuza vitenzi ubaoni, lakini mtu akinisalimia kwa Kingereza nilitazama chini. Kisha akaja mwalimu mmoja kijana. Siku ya kwanza hakuandika kitu. Alimpeleka mwanafunzi mmoja mlangoni na daftari, mwingine akasoma sentensi tano akiwa nyuma ya klasi. Yule wa mlangoni alipaswa kuandika kile alichosikia tu. Kati ya sentensi tano, alipata moja. Tulicheka sana. Mwalimu akasema: «Ile hamukusema Kingereza, mulisoma ubao.»

Njo pale alituonyesha shida zetu tatu. Ya kwanza ni mwisho wa neno. Kiswahili kinapenda kumaliza na vokali, kwa hiyo «book» kwetu inakuwa «buku». Kifaransa nacho kimetuzoeza kumeza herufi za mwisho. Lakini kwa Kingereza, ukimeza mwisho wa «walked», msikilizaji hajui kama ulitembea jana ao unatembea leo.

Ya pili ni ulimi. Vitabu vya Kiswahili vinaandika thelathini, dhambi, fedha. Sisi huku tunasema salasini, zambi, feza. Mwalimu alitulazimisha kusema «thelathini» ulimi ukiwa katikati ya meno, mpaka mate yakaruka. Kisha akatupa «think». Ilitoka yenyewe!

Ya tatu ni uzito. Kiswahili karibu kila mara kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho. Kingereza kinahamahama: «present» ukikaza mwanzo ni zawadi, ukikaza mwisho ni kitendo cha kutoa. Alitukumbusha kwamba hata kwetu iko neno kama lile: barabara ya kupitia, na barabara ya kusema sawasawa.

Baada ya sauti ndipo ukaja mchezo wenyewe. Alichagua kesi ya mahakamani katika mchezo wa Shakespeare, ile ya mkopeshaji anayedai ratili ya nyama ya mwili wa mdeni wake. Kwanza alitusomea kwa Kiswahili, katika Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969. Tukaelewa hadithi. Kisha akatuandikia mazungumzo mafupi kwa Kingereza chepesi, nasi tukayashika kwa kichwa.

Kwa nini teatre inafungua mdomo? Kwa sababu mtu hachoki kurudilia sentensi moja mara makumi mawili, akijua siku fulani ataisema mbele ya mama yake. Na kwa sababu ukikosea, ni Shylock amekosea, si wewe. Haya inapungua. Tena unalazimishwa kumsikiliza mwenzako, maana usipomsikiliza hutajua zamu yako.

Siku ya proklamasyo tulicheza. Mama yangu anauza sambaza Kadutu, hajui Kingereza hata neno. Usiku aliniuliza: «Yule wa kisu, deni yake walimulipa?» Nilijua kwamba sauti yangu imefika.

Sasa sikieni hii. Rafiki yangu alikuwa wa kwanza kwa grama, mimi wa kumi na saba. Baba yake alimkataza teatre, eti afanye mazoezi ya Exetat. Alipata asilimia nyingi kunipita. Miaka iliyofuata tulijikuta sote wawili Goma, kwenye mahojiano ya kazi moja. Mtihani wa kuandika alinishinda. Walipotuuliza kwa mdomo, mimi nilisema na makosa yangu. Yeye aliinamisha kichwa. Kazi nilipewa mimi. Sikufurahi sawasawa, kwani grama niliyokuwa nayo, nusu alinifundisha yeye.

Simlaumu baba yake wala prefe. Ila tangu 2022 nchi yetu imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na majirani zetu wengi wanafanya kazi kwa Kingereza kila siku. Diploma itamfikisha mtoto mlangoni. Kule ndani watamuuliza aseme.

Na haiombi makuta. Klasi ya watoto 60 inagawanywa vikundi vya watu sita. Kila kikundi daftari moja, mazungumzo ya dakika tano, mmoja anasimama mlangoni na kuandika anachosikia. Kama ratiba imejaa, Jumamosi asubuhi haijajaa.

Nimeongea na mdogo wangu: wako tayari watoto kumi na moja. Yule rafiki yangu amekubali kuja kusahihisha grama. Mimi nitasimama mlangoni na daftari. Anayeweza kati yenu, aje tusaidiane.