Utangulizi: Umbali Unaomfundisha Mbwa

Hii ni taaluma ambayo maabara yake ni barabara. Mbwa aliyefungwa kamba anamwona mwenzake ng'ambo: anajirusha, anabweka, anasimama kwa miguu ya nyuma, na anayemtembeza nusura aanguke. Wengi humhesabu mbwa huyo kuwa mkaidi. Mimi nashikilia kwamba wakati ule hana uwezo wa kusikia anachoambiwa, na kwamba kazi yote ya kumfundisha hufanyika kabla hajafika hapo.

Msingi wa elimu hii uliwekwa na watu ambao matembezi ya mbwa hayakuwa shabaha yao. Ivan Pavlov, Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake wa umeng'enyaji wa chakula, alionyesha kwamba ishara inayotangulia chakula mara kwa mara huishia kumtoa mbwa mate kana kwamba chakula chenyewe kimefika. Huko Marekani, Edward Thorndike alionyesha kwamba kitendo chenye matokeo ya kupendeza hurudiwa. Yachukue mawili haya mpaka kwenye matembezi ya jioni. Mbwa akivuta kamba, nawe ukamwachia amfikie mwenzake, umemlipa kwa kuvuta. Kesho atavuta zaidi. Ukimkaripia na kumkaza shingo kila anapotokea mbwa mwingine, unamfundisha jambo baya zaidi, kwamba mbwa mwingine ni dalili ya maumivu. Hivyo ndivyo mbwa aliyetaka kucheza tu anavyoweza kugeuka mkali, na mara nyingi mwenye mbwa huwa anadhani anamtia adabu.

Kamba nayo ina lawama yake. Mbwa walio huru hukaribiana kwa kuzunguka, wakanusana ubavuni na nyuma. Kamba huwakutanisha uso kwa uso, kwa njia iliyonyooka, kisha humzuia mbwa kukifikia anachokitamani mpaka hamu inageuka hasira.

Njia ya kulitatua tatizo hili inatoka Johannesburg, mwishoni mwa miaka ya 1940, na ilipatikana kwa paka. Daktari Joseph Wolpe aliwatia paka hofu kwa kuwapiga umeme kizimbani, jaribio la kikatili ambalo singependa lirudiwe. Baadaye paka wale walikataa kula mle hata wakiwa na njaa. Akaanza kuwalisha katika chumba kisichofanana na kile walimoteswa, kisha kinachofanana nacho kidogo, akasogea hivyo hatua kwa hatua, mpaka wakala ndani ya kizimba kilekile na hofu ikawatoka. Katika kazi yetu, vyumba vile ni umbali.

Mbwa akiwa mbali vya kutosha, humwona mwenzake, akasimamisha masikio, kisha bado akaweza kukugeukia. Hapo mpe kipande cha maini yaliyochemshwa. Utaratibu huu usipinduliwe: mbwa mwingine aonekane kwanza, chakula kifuate. Kikitangulia, mbwa wako hatajifunza kwamba kuonekana kwa mwenzake huleta jambo jema. Siku zinavyokwenda, punguza umbali kidogo kidogo. Akikataa nyama anayoipenda, au akiimeza huku macho yamekaza mbele, mmekaribia mno. Geukeni mrudi nyuma.

Katika msitu wa Karura, Nairobi, ambako mbwa huruhusiwa wakiwa kwenye kamba, nafasi ya zoezi hili ipo. Mitaani ni kazi ngumu zaidi: uchochoro mwembamba, na mbwa wa jirani anazurura. Huko ufundi ni kuona mapema, kuvuka barabara, kujikinga nyuma ya gari lililoegeshwa, hata kubadilisha saa ya kutoka. Wapo wanaoona haya kukwepa. Wasione, kwa sababu kila mara mbwa anaporipuka huwa anaizoea zaidi tabia ileile tunayotaka aiache.

Mbwa aliyebadilika ghafla, jana mpole na leo anawarukia wenzake, apelekwe kwanza kwa daktari wa mifugo, kwa kuwa maumivu ya kiungo au ya sikio huweza kujitokeza kama ukali. Akiwa mzima, toka naye kesho asubuhi kabla njia hazijajaa, uwe na maini mfukoni, na mtafute umbali ambao bado anakula.