Maumivu Yashukayo Mguuni: Tuifahamu Sayatika



Anayesimama Kiriri, kwenye mteremko wa mlima unaoutazama mji wa Bujumbura, huliona Ziwa Tanganyika na, ng'ambo yake, milima ya Uvira. Huko chini ipo njia ya Gatumba, ambako kila siku watu huvuka mpaka wakiwa na mizigo kichwani, mgongoni na juu ya baiskeli. Nao vijana watokao Bugarama huteremka barabara kuu na mikungu ya ndizi na magunia ya makaa. Ni kazi ya heshima, lakini mgongo ndio unaobeba taabu yake.

Katika mazungumzo yetu na wananchi hatukosi kusikia lalamiko hili: maumivu huanza kiunoni, hupita takoni, kisha hushuka nyuma ya paja hadi unyayoni. Mara nyingine lalamiko hilo hufuatwa na swali la hatari: "Ni nani aliyeniroga?" Hapo suala la tabibu hugeuka kuwa suala la polisi, kwa kuwa jirani asiye na hatia aweza kupigwa au kufukuzwa kwake. Ndiyo sababu tumeona vema kueleza maradhi haya.

Njia ya maumivu

Chini ya mgongo hutoka mizizi mitano ya neva, kila upande, inayoungana kuwa neva moja nene kuliko zote mwilini, inayokaribia unene wa kidole. Hupita ndani ya tako, ikashuka nyuma ya paja na kugawanyika karibu na goti hadi kufika mguuni. Mizizi hiyo ikibanwa, ubongo huyasikia maumivu katika njia yote ya neva, japokuwa mguu wenyewe hauna jeraha. Hiyo ndiyo sayatika.

Kinachobana aghalabu ni kisahani laini kilicho kati ya pingili za uti wa mgongo, kinapotokeza nje ya mahali pake. Mwaka 1764 tabibu wa Italia, Domenico Cotugno, aliandika kwamba maumivu ya namna hii yatoka katika neva. Mwaka 1934 madaktari Mixter na Barr wa Boston, Marekani, wakaonyesha jinsi kisahani hicho kinavyoibana. Basi chanzo chake kinajulikana, wala hakimo katika mkono wa jirani.

Mgonjwa husikia kama mshtuko wa umeme au moto unaochoma, ganzi, au sindano zinazochomachoma. Kwa kawaida huwa mguu mmoja. Kukohoa, kupiga chafya na kukaa muda mrefu huyazidisha. Maumivu ya misuli, kinyume chake, hubaki kiunoni na hayafuati mstari huo. Nyayo zote mbili zikiwaka moto, hasa usiku, yafaa kupima sukari, kwa maana kisukari nacho huharibu neva.

Jihadharini na sindano za vichochoroni

Neva hii hupita ndani ya tako, na kwa hiyo sindano iliyochomwa mahali pasipofaa yaweza kuijeruhi. Watoto ndio walio hatarini zaidi, kwani misuli yao ni midogo. Mtoto huchomwa sindano takoni kwa ajili ya homa, akalia kwa maumivu makali yanayoshuka mguuni, na baadaye mguu ukalegea, akawa anauburuta. Huo si uchawi, ni neva iliyoumizwa. Apelekwe hospitalini mara moja, na mzazi aeleze ni dawa gani iliyotumika na ni lini.

Kwa hiyo twawasihi: msikubali sindano ya mtu asiye na idhini ya kutibu, wala dawa zilizovushwa kwa njia za panya ambazo hamjui zilitengenezwa wala kuhifadhiwa wapi. Mkiona mtu anayezichoma au kuziuza, mtuarifu.

Dalili zisizosubiri

Mgonjwa afikishwe hospitalini siku hiyo hiyo, usiku au mchana, iwapo:

– anashindwa kukojoa, au mkojo na haja kubwa vinamtoka bila kujizuia;
– amepata ganzi kati ya mapaja na sehemu za siri;
– miguu yote miwili inadhoofika, au unyayo hauinuki tena;
– maumivu yamefuata ajali au kuanguka.

Dalili tatu za kwanza huonyesha kwamba neva nyingi zimebanwa kwa pamoja, na kuchelewa kwaweza kuacha ulemavu wa maisha. Nayo maumivu ya mgongo pamoja na homa, kukonda na jasho la usiku yachunguzwe haraka, kwani kifua kikuu huweza kushambulia uti wa mgongo.

Tufanyeje?

Habari njema ni kwamba wengi hupata nafuu ndani ya wiki nne hadi sita bila kupasuliwa. Kulala kitandani siku nyingi hakusaidii, bali kutembea kidogo kidogo husaidia. Mgonjwa apunguze mizigo kwa muda na afuate ushauri wa mhudumu wa afya kuhusu dawa za maumivu. Akipona, ainue mzigo kwa kukunja magoti, ausogeze karibu na kifua, wala asijipinde huku ameushika. Mzigo mmoja mzito afadhali ugawanywe safari mbili.

Tunamalizia kwa ombi. Mwenzenu akianza kuchechemea, mpeni bega la kuegemea hadi kituo cha afya, wala msimpe jina la mtu wa kumlaumu. Na mkisikia fulani anatuhumiwa kwamba ameuroga mguu wa mwingine, tuiteni kabla mkono wa mtu haujainuka. Neva iliyobanwa ina nafasi kubwa ya kupona, lakini uhai wa jirani ukipotea haurudi.